Ripoti ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Msitu Wetu na Vile Unasimamiwa

Wanachama wenzangu hamjambo. Mambo ya pesa mtasomewa na mweka hazina, mimi naongea msitu tu, maana kwa grupu la WhatsApp swali ni lile lile kila mara, kwani huu msitu ni wa nani?

Msitu ni wa umma na msimamizi ni KFS, yaani Shirika la Huduma za Misitu Kenya. Foresta ndiye mkubwa wa kituo, marenja wako chini yake, na kibali cha kukata mti hakitoki kwa kamati hata mkiniletea chai. Sisi ni chama cha jamii, tumesajiliwa chini ya Sheria ya Vyama, na nguvu yetu inatoka kwa karatasi mbili, mpango wa usimamizi na mkataba tuliosaini na KFS chini ya Sheria ya Misitu ya 2016. Hii njia ya vyama ililetwa na sheria ya 2005, zamani mtu wa jirani akionekana ndani ya msitu ilikuwa ni mwizi wa kuni moja kwa moja. Sasa kuni, mizinga ya nyuki, dawa za miti, kutembeza wageni, vyote vinawezekana lakini lazima viwe vimeandikwa kwa mkataba, na kama havijaandikwa tafadhali usiambie renja ati mwenyekiti alikubali.

Kazi kubwa mwaka huu ilikuwa mpaka. Huku mjini panga halinitishi kama ramani. Karura pale Nairobi iliwekwa kuwa msitu wa serikali tangu 1932 lakini miaka ya tisini vipande vikagawiwa watu binafsi, na Januari 1999 Wangari Maathai, yule mtetezi wa mazingira, na wenzake walipigwa na magenge getini wakijaribu kupanda miti. Siku hizi kubadilisha mpaka wa msitu wa umma lazima ombi lipitie Bunge, hiyo ni ngao nzuri, lakini wanaokula ukingo kidogo kidogo hawaendi Bunge. Wanaanza na lori la taka za mjengo usiku, udongo unafunika bikoni, zile alama za mpaka, baadaye kidogo mabati, halafu geti, halafu unaambiwa hapa palikuwa shamba la babu. Skauti wetu walizunguka ukingo wote, bikoni zilizofukiwa wakazipiga picha na kuandika mahali ziko, tukampelekea foresta kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Kumpigia simu hakuachi ushahidi, ndiyo maana nawasumbua na barua kila siku.

Miti ya kigeni, kuna walionuna mikaratusi ilipotolewa. Iko kwa mpango, jamani, inatolewa pole pole na miti ya kienyeji kama muhugu inachukua nafasi. Na kupanda tunapenda sana, picha kibao, lakini siku ya kung'oa lantana, lile gugu la kigeni, sioni zile tisheti, na mche ukizidiwa na lantana mwaka wa kwanza umekwisha.

Mpango wetu unaisha karibuni na mpya utajadiliwa na KFS pamoja na kila kikundi, wa nyuki, wa kuni, wa matembezi. Kikundi kisipoleta mtu shughuli yake inaweza kukosa kuandikwa, na kuiongeza baadaye ni kazi ngumu. Majina mpatie katibu kabla ya mkutano, na aliye na picha za zamani za ukingo upande wa mto atume pia.