Malalamiko: ushuru wa asilimia 145 mlionitoza kwenye laptopu zilizosamehewa, na karatasi mliyonilazimisha kusaini

Brooklyn Park, Minnesota
15 Desemba 2025

Kwa Meneja Mkuu,
Idara ya Uagizaji na Forodha

Ndugu Meneja,

Natumaini hamjambo. Barua pepe yenu ya wiki iliyopita imenifikia, ile inayosema faili langu limefungwa kwa sababu "mteja alikubali masharti". Sikukubali masharti yoyote. Nililazimishwa, na mnajua nililazimishwa, kwa kuwa msimamizi wenu wa zamu alikuwa amesimama pale pale akitazama.

Nyinyi ndio wakala wa forodha mlionitolea mzigo wangu, na utaratibu wenu wa kutoa mizigo mnaujua kuliko mimi, kwa hiyo sitaurudia. Nitasema tu mlichonitendea kinyume chake.

Mzigo wangu wa laptopu kutoka Shenzhen, China, uliingia nchini mwisho wa Aprili. Tarehe 11 Aprili 2025, Rais Trump alikuwa tayari ametia saini waraka wa kuziondoa kompyuta, simu janja, ruta, diski za kuhifadhia data na chipu kwenye ule ushuru wake wa kulipizana, na msamaha huo ukahesabiwa tangu tarehe 5 Aprili. Forodha ya Marekani ilitoa maelekezo yake mara moja. Kilichobaki juu ya laptopu kutoka China ni ule ushuru mwingine wa asilimia 20 uliowekwa mapema mwaka huu kwa hoja ya kuzuia fentanili, ile dawa ya kulevya. Basi laptopu ya dola 200 ilidaiwa dola 40. Nyinyi mlinitoza dola 290. Mlichukua asilimia 145, yaani 125 za kulipizana pamoja na zile 20 za fentanili, kiwango kilichokuwa kwenye vichwa vya habari, mkakipiga kwenye ankara yote kuanzia boksi la kwanza hadi la mwisho. Kwa kebo na mikoba ya laptopu sibishani, kwa sababu hizo hazikusamehewa. Laptopu zilisamehewa.

Nilipouliza, jibu la kwanza nililopewa kwa simu lilikuwa kwamba mnatoza kiwango cha juu "kwa usalama", maana hakuna ajuaye Rais atasema nini kesho. Ndugu Meneja, usalama wa nani? Ni kweli viwango vya ushuru wa kulipizana kwa China vilikuwa vikibadilika kila kukicha, 34 ikawa 84, 84 ikawa 125, yote ndani ya siku chache za mwezi wa Aprili, kisha tarehe 14 Mei vikashushwa tena hadi 10. Naelewa kazi yenu ilikuwa ngumu. Lakini Forodha haitozi kwa kubahatisha, inatoza kwa namba ya bidhaa katika orodha ya ushuru na tarehe ya kuingia, na vyote viwili mlikuwa navyo mkononi. Msamaha ulikuwa na zaidi ya wiki moja tangu utangazwe. Wakala wa forodha asiyeujua hana kazi ya kuwatoza watu pesa.

Nikaja mwenyewe kwenye ghala lenu. Nilichapa ule waraka na maelekezo ya Forodha, nikapigia mstari namba ya bidhaa zangu, nikaviweka kaunta. Kijana wenu hakuvisoma. Alivigeuza chini juu, akaniwekea karatasi nyingine mbele yangu, akasema, "Mama, hapa si mahakamani. Saini, ama boksi zirudi ndani." Karatasi hiyo ilikuwa na sentensi moja tu iliyo wazi: marejesho yoyote ya ushuru yatakayotolewa na serikali baadaye yatakuwa mali ya kampuni. Nilisaini. Wateja wangu walikuwa wameshalipa malipo ya awali, na sikuwa na njia nyingine ya kuondoka na mali yangu.

Sasa naomba mnifafanulie jambo moja, maana limenikosesha usingizi tangu siku hiyo. Kwa nini kampuni inayoamini kwamba ilitoza ushuru halali imtake mteja asaini kwamba ushuru ukirudishwa si wake?

Jibu ninalo. Mlikuwa mnafuatilia kesi za kuupinga ushuru huu kama nilivyokuwa nazifuatilia mimi. Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, kifungu cha nane, inalipatia Bunge mamlaka ya kuweka kodi na ushuru. Rais aliweka ushuru huu akitumia sheria ya dharura za kiuchumi ya mwaka 1977, ambayo haiutaji ushuru hata mara moja, na ambayo hakuna Rais kabla yake aliyewahi kuitumia kutoza ushuru. Nimekulia Kenya, na huko nako ibara ya 210 ya Katiba inasema kodi haitozwi wala haibadilishwi ila kwa sheria iliyotungwa. Kwa hiyo msinieleze kwamba haya ni mambo makubwa yasiyomhusu mama mwenye duka la kutengeneza kompyuta. Yananihusu kuliko yanavyowahusu nyinyi, kwa sababu pesa iliyolipwa ni yangu.

Mmoja wa walioshtaki ni kampuni ndogo ya Virginia, MicroKits, inayotengeneza vifaa vya kuwafundishia watoto elektroniki. Ni wafanyabiashara wa kiwango changu. Tarehe 28 Mei Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani ikasema Rais alivuka mamlaka yake. Tarehe 29 Agosti Mahakama ya Rufaa ikasema hivyo hivyo, majaji saba kwa wanne, ingawa iliacha ushuru uendelee kutozwa hadi rufaa imalizike. Tarehe 5 Novemba Mahakama ya Juu ikasikiliza hoja, na Jaji Mkuu John Roberts mwenyewe akasema kwamba kuwatoza Wamarekani kodi siku zote imekuwa mamlaka ya msingi ya Bunge. Jaji Amy Coney Barrett akauliza marejesho yatafanyikaje, akaona yanaweza kuwa vurugu tupu. Ninapoandika barua hii, Desemba 2025, uamuzi bado tunausubiri. Mwishoni mwa Novemba Costco, wale wenye maduka makubwa, nao wakaenda mahakamani kulinda haki yao ya kurejeshewa, kabla hesabu za Forodha hazijafungwa. Kampuni kubwa kama ile haikungoja. Na nyinyi hamkungoja. Mlijilinda kwa saini yangu.

Nirudi pale kaunta, kwa sababu barua pepe yenu imepita juu yake kana kwamba ni jambo dogo. Ilikuwa Jumamosi na foleni ilifika mlangoni. Nyuma yangu walikuwepo watu ninaosali nao, na wateja wangu wawili. Nilimsemesha kijana wenu kwa adabu, nilimwita mwanangu. Nilimwambia, "Mwanangu, tafadhali soma huu mstari mmoja tu." Hakuusoma. Alizigeuza karatasi zangu chini juu bila kunitazama, akapaza sauti ili foleni yote isikie: "Huyu mama amekuja kutufundisha sheria ya Marekani!" Watu wakacheka. Msimamizi wake akatoka ofisini, nikadhani sasa nitasikilizwa, naye akacheka pia. Kisha akasema, na maneno haya sitayasahau, "Ushuru ni wa Trump, si wetu. Kama unaona ghali nenda ukamdai yeye." Wakati huo huo mwenzao alikuwa ameshaanza kulisukuma toroli lenye boksi zangu kulirudisha ndani. Kalamu niliyosaini nayo haikukabidhiwa mkononi mwangu, ilitupwa juu ya kaunta ikaviringika hadi chini, nikainama kuiokota. Nina umri wa kumzaa kijana yule. Niliinama mbele ya watu ninaosali nao, nikaokota kalamu ya kusaini kwamba pesa yangu si yangu, na mimi ndiye mwenye haki.

Hayo ndiyo mnayoyaita "mteja alikubali masharti".

Na nakala ya karatasi ile sikupewa. Nakala ya fomu namba 7501, ambayo ndiyo hesabu yenyewe mliyoipeleka Forodha, sikupewa pia, ingawa nimeiomba kwa simu, kwa barua pepe na kwa mdomo. Mnajua kwa nini naitaka. Ndani yake kuna mambo mawili: jina la mwagizaji anayetambuliwa na serikali, na kiwango halisi mlicholipa. Kama mliilipa Forodha asilimia 20 na mimi mkanitoza 145, basi hakuna haja ya kuzungumzia mahakama yoyote, hiyo ni pesa yangu iliyo mfukoni mwenu. Kama mliilipa Forodha 145 kwa bidhaa iliyosamehewa, basi mlikosea, na kosa hilo hurekebishwa kwa marekebisho ya hesabu hiyo ya kuingiza mzigo, yanayopokelewa ndani ya siku 300 tangu mzigo uingie. Hesabuni wenyewe. Siku hizo zinaisha Februari, na nyinyi mnaniandikia kwamba faili limefungwa.

Msiniambie kwamba kila mtu aliumia. Najua. Apple ilisema ushuru uliigharimu takriban dola milioni 800 katika robo ya mwaka iliyoishia Juni. Framework, kampuni ya laptopu, ilisimamisha kwa muda kuuza baadhi ya laptopu zake Marekani mwezi Aprili. Nintendo iliahirisha kupokea oda za Switch 2, mashine yake mpya ya michezo, hapa Marekani. Lakini Apple ina hazina ya kubeba mzigo huo na ina mlango wa kuingilia Ikulu. Mimi nina duka lenye meza mbili za ufundi, na wateja wanaonunua laptopu iliyotumika kwa sababu mpya hawaimudu. Mwezi wa Mei niliuza kwa hasara laptopu nilizokuwa nimeziahidi kwa wazazi wa wanafunzi, kwa kuwa siwezi kumpandishia mzazi bei niliyokwisha kumwandikia. Msamaha wa tarehe 11 Aprili watu walisema umewekwa kwa ajili ya wakubwa. Hata hivyo, haukuchagua ukubwa wa kampuni, ulichagua namba ya bidhaa. Ulinifikia hata mimi. Uliponifikia, nyinyi ndio mliouzuia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo. Kwanza, nakala ya fomu 7501 ya mzigo wangu pamoja na ankara inayotenganisha ushuru wa Forodha na ada zenu. Ikithibitika mlilipa pungufu ya mlichonitoza, nirudishiwe tofauti yote. Ikithibitika mlizidisha kulipa, mwasilishe marekebisho Forodha kabla muda haujapita na mniletee uthibitisho wa kupokelewa kwake.

Nilikuwa nimeazimia kuishia hapo. Lakini nikikumbuka kalamu ile, naona hapatoshi. Nataka barua yenye saini yako wewe Meneja, si ya karani, inayoifuta karatasi niliyolazimishwa kusaini, na inayotamka kwamba Mahakama ya Juu ikiubatilisha ushuru wa sheria ya dharura, kila dola itakayorejeshwa kwa mzigo wangu, pamoja na riba yake, italetwa kwangu. Hii inahusu hata zile asilimia 20, maana nazo zimesimama juu ya sheria hiyo hiyo inayobishaniwa. Kama jina la mwagizaji kwenye fomu ni lenu, basi ni wajibu wenu kulinda madai hayo, na Forodha ikifunga hesabu, pingamizi liwasilishwe ndani ya siku 180. Pia nataka kuombwa radhi kwa maandishi na msimamizi yule, aliyecheka badala ya kufanya kazi yake. Kijana nitamsamehe, alifundishwa hivyo na wakubwa wake. Na nataka karatasi ile ifutwe kwa wateja wenu wote waliosainishwa, kwa sababu nimeshaongea na baadhi yao na hakuna hata mmoja aliyeelezwa alichokuwa akisaini.

Mna hadi tarehe 5 Januari 2026. Nikifika siku hiyo bila jibu, sitapiga simu tena wala sitakuja tena kusimama kwenye foleni yenu. Kanuni za Forodha zinamtaka wakala mwenye leseni ampe mteja hesabu ya maandishi, ndani ya siku 60, ya pesa aliyoipokea kupita kiasi kinachodaiwa, na siku hizo 60 ziliisha zamani. Malalamiko yangu kuhusu leseni yenu yatakwenda Forodha. Malalamiko ya pili yatakwenda Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Minnesota. Madai ya pesa yatakwenda mahakama ya usuluhishi ya kaunti, inayopokea madai hadi dola 20,000 na ambako sihitaji wakili. Mashahidi walikuwa kwenye foleni nyuma yangu, na wamekubali kuja. Pale itakuwa mahakamani kweli, na kijana wenu atazisoma karatasi zangu zikiwa zimegeukia juu.

Wenu katika biashara,

Mteja, mwenye duka la kutengeneza na kuuza kompyuta
Brooklyn Park, Minnesota

Viambatisho: ankara yenu ya Mei; waraka wa 11 Aprili 2025 na maelekezo ya Forodha; barua pepe yenu ya kufunga faili.

Nakala ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Jimbo: imeandaliwa, itatumwa tarehe 6 Januari.