Mashua ya watu wawili, jina la mtu mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu hii niseme jambo linaloniuma kila inapofika michezo ya Olimpiki. Habari za mbio za mashua zinapoandikwa kwa Kiswahili, hata za zile mashua zinazoendeshwa na watu wawili, mara nyingi hutajwa aliyeshika usukani peke yake, na mwenzake akaitwa msaidizi au asitajwe kabisa. Mimi nimekulia Lamu. Siku za mashindano mjomba alikuwa akinipandisha katika mashua yake ili nikae juu ya ubao uliotokeza nje ya ubavu, upande wa joshini, yaani unakotoka upepo, mawimbi yakinipiga miguuni na mikono ikiwaka kwa chumvi, na tangu hapo najua kwamba mshika usukani hawezi kulijaza tanga upepo wote ikiwa hapana mtu wa kuizuia mashua isilale.

Nitatoa mfano wa Hannah Mills, mzaliwa wa Cardiff, ambaye amepata medali 3 za Olimpiki akiiwakilisha Uingereza. Zote alizipata katika mashua iitwayo 470, kwa sababu urefu wake ni mita 4.70. Mashua hiyo ilibuniwa na Mfaransa André Cornu mwaka 1963, na uzito wake ni kilo 120 tu, kiasi kwamba watu wawili walio ndani yake huweza kuwa wazito kuliko chombo chenyewe. Nahodha hushika usukani pamoja na kamba ya tanga kuu. Baharia wake huvuta tanga la mbele, huliongoza lile tanga la puto liitwalo spinaka, na wanapokwenda bisho, yaani kuelekea unakotoka upepo, hujifunga mkanda, akajitundika kwa waya utokao mlingotini, akasimama kwa nyayo ukingoni mwa mashua huku mwili wote ukiwa umenyooka juu ya maji. Kila mashua inapogeuzwa ili upepo uipige ubavu wa pili hana budi kuingia ndani, kupita chini ya tanga na kutokea upande wa pili, mara nyingi katika mbio moja. Tena yeye ndiye anayeona mbali, kwa kuwa nahodha amekazia macho tanga na wimbi lililo mbele yake. Ni baharia anayemwambia upepo unaokuja unatoka wapi na wapinzani wameelekea wapi.

Kazi hiyo kwa Mills aliifanya Saskia Clark, aliyeungana naye mwaka 2011 akiwa tayari ameshiriki Olimpiki ya 2008 na nahodha mwingine. Mwaka 2012 walikuwa mabingwa wa dunia, na miezi michache baadaye, katika Olimpiki ya London ambayo mbio zake za mashua zilifanyika Weymouth, waliingia katika mbio za mwisho wakiwa na pointi 33 sawasawa na Jo Aleh na Polly Powrie wa New Zealand; katika mchezo huu mwenye pointi chache ndiye mshindi. Upepo ukageuka, Waingereza wakajikuta upande usiofaa, wakamaliza wa 9 katika mbio ambazo pointi zake huhesabiwa mara mbili, na dhahabu ikaenda kwa wenzao. Wengi wangeachana hapo, kila mmoja akamtazama mwenziwe kuwa ndiye aliyekosea. Hawa walirudi majini kwa miaka 4 mingine, na katika Olimpiki ya Rio mwaka 2016 waliongoza kwa tofauti kubwa hata dhahabu ikawa yao kabla ya mbio za mwisho, ambazo walitakiwa kuzimaliza tu bila kosa.

Clark akastaafu. Mills alianza upya na Eilidh McIntyre, ambaye baba yake alikuwa ameshinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1988, naye pia katika mashua ya watu wawili. Walitwaa ubingwa wa dunia mwaka 2019 huko Enoshima, Japani, na mwaka 2021, katika Olimpiki ya Tokyo na maji yaleyale, wakaipatia Uingereza dhahabu nyingine. Kumwandika Mills peke yake katika habari hii ni kuificha sehemu yake ngumu zaidi, yaani kumpoteza mwenza aliyezoea kila pumzi yako na kujenga na mwingine maelewano yaleyale.

Anayedhani baharia ni wa kubadilishwa tu kama kamba iliyochakaa na amtazame Malcolm Page wa Australia. Alipata dhahabu ya Olimpiki katika mashua ya 470 mwaka 2008 akiwa na Nathan Wilmot, kisha mwaka 2012 akiwa na Mathew Belcher. Manahodha walikuwa wawili tofauti, na aliyekuwa ametundikwa kwenye waya ni yeye mara zote mbili. Australia yenyewe ilimpa bendera aibebe katika sherehe ya kufunga michezo ya London.

Tangu Olimpiki ya Paris, mwaka 2024, mashua ya 470 huendeshwa na mwanamke na mwanamume pamoja. Huko Marseille, mji wa pwani zilikofanyika mbio za mashua za michezo hiyo, walioshinda ni Waaustria, Lara Vadlau akiwa kwenye usukani na Lukas Mähr kwenye waya. Ninachoomba, Mhariri, ni kitu chepesi: matokeo rasmi huandikwa majina mawili kwa kila mashua, basi nasi tuyachape yote mawili, hata pale nafasi inaporuhusu mstari mmoja tu.

Msomaji wako,
Lamu