Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kutazama ndege kwa baiskeli,

Nianze na kosa langu, maana wengi wenu mmelisikia nusunusu na kila anayelisimulia huliongezea chumvi.

Ilikuwa safari ya kwanza ya machipuko, barafu ikiwa imetoka ziwani siku chache tu. Tulikuwa tisa juu ya tuta, mimi nikiwa mbele. Matete yalikuwa bado yale ya mwaka jana, makavu, yanasuguana kwa upepo. Mara ukatoka humo ndani mlio mzito, kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu. Korongo wa matete! Dume lake husikika hadi kilomita 5 hewa ikitulia, lakini unaweza kuzunguka kinamasi misimu kadhaa usimtie machoni, kwa jinsi rangi yake inavyofanana na majani makavu. Nikakamata breki bila kuwaza. Wenzangu nyuma wakakamata zao. Breki tisa zenye tope zikalia kwa mpigo mmoja, na kwenye malisho ya upande wa pili ndege wote wakaruka. Kunguru wawili waliokuwa wamekaa juu ya nguzo wakashuka papo hapo kukagua mahali palipoachwa wazi. Ilikuwa mapema bado. Wiki tatu baadaye pangekuwa na mayai, na kunguru wale wasingeondoka na njaa.

Kisa hicho ndicho kilichozaa utaratibu mpya ambao umezua manung'uniko mengi kuliko jambo lolote tangu nishike kiti hiki. Nataka kuueleza vizuri kabla hamjaupigia kura.

Tumekuwa tukijisifu kwamba baiskeli haisumbui ndege. Ni kweli, ila ukweli wenyewe ni nusu. Baiskeli inayopita kwa mwendo mmoja, kwenye njia ileile, ndege huizoea upesi. Huinua kichwa mara moja akarudi kula. Kinachowashtua ni kusimama. Mnyama anayepita njia yake hana neno na wewe. Anayesimama ghafla, akashuka, akakukodolea macho, huyo ni mwindaji, na mbweha hufanya hivyohivyo. Mzee mmoja wetu, mwanachama wa siku nyingi, alisema kwenye kikao cha kamati kwamba ndege "watatuzoea tu". Namheshimu sana, lakini wanazoea magurudumu. Macho yetu hawayazoei.

Kwa hiyo: juu ya tuta tunapita bila kusimama, hata mlio uwe mtamu namna gani. Tunasimama mahali panne tu penye kificho, yaani kwenye mierebi miwili, nyuma ya kibanda cha lango la maji, na kwenye ukuta wa matete yaliyofungwa matita. Kuanzia katikati ya Machi hadi katikati ya Julai, njia ya ndani hatuingii kabisa. Najua ndiyo yenye mandhari bora. Ndiyo sababu ndege nao wameichagua.

Nyongeza ndogo, na hapa mafundi wetu wanisaidie. Friwili ya gurudumu la nyuma inayolia tikitiki unapoacha kukanyaga ni kengele ya hatari kinamasini. Kabla ya kufika kwenye kificho, endelea kukanyaga polepole kwa gia nyepesi, friwili hunyamaza. Breki nazo zisafishwe usiku wa kuamkia safari. Tairi pana, upepo upunguzwe kidogo, basi hata changarawe hainung'uniki.

Kuhusu darubini. Tumenunua jozi tatu za kuazimana, zote za 8x42, na wapo walioona tumejibana. Hatukujibana. Namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Darubini ya 10 hukuza zaidi, lakini hukuza pia mtetemo wa mikono, na mtu aliyetoka kupambana na upepo wa ziwani anahema mpaka mabega yanacheza. Ukigawa 42 kwa 8 unapata zaidi kidogo ya milimita 5 za mwanga unaofika jichoni, na asubuhi ya ukungu hiyo ni neema. Teleskopu ya chama, kwa masikitiko, ilianguka kutoka kwenye keria na sasa inaona kila ndege wawili wawili. Iko kwa fundi.

Nirudi kwa ndege, maana ndiyo furaha ya mwaka. Vibisi wenye kishungi walianza kucheza mapema. Walioamka alfajiri waliwaona dume na jike wakitikisiana vichwa, wakazama, wakaibuka na magugu mdomoni, wakainuka kifua kwa kifua juu ya maji. Kijana mmoja aliuliza kama manyoya yale ya kichwani yana kazi gani zaidi ya mapenzi. Nilimwambia yaliwahi kuwaponza: karne ya 19 yalishonwa kwenye kofia na mapambo ya mabibi, hata vibisi wakakaribia kwisha Uingereza. Mwaka 1889 Emily Williamson alianzisha huko Manchester chama cha wanawake waliokataa kuvaa manyoya, na chama hicho ndicho kilichokua kikawa RSPB ya leo, chama cha kifalme cha kulinda ndege cha Uingereza. Sisi tunaobishana kuhusu mahali pa kuegesha baiskeli tusijidharau.

Kipanga wa kinamasi tulimwona akipanda juu sana kisha akajiachia kama jiwe, akijipigia debe kwa jike. Baadaye alimrushia mawindo hewani, naye jike akajigeuza mgongo chini akayadaka kwa kucha. Tuliyaona haya kutoka kwenye mierebi, tukiwa tumetulia. Hakuna aliyeruka kwa hofu. Waliokuwepo watathibitisha kwamba utaratibu mpya haukutunyima kitu siku hiyo.

Mbayuwayu wa kwanza alifika siku ya baridi kali, akiruka chini kabisa, tumbo karibu kugusa maji, kwa sababu wadudu wa mwanzo wa machipuko hutoka majini. Ana uzito wa gramu 20 hivi, na huenda ametoka Afrika Kusini, ambako wenzake kwa makundi makubwa hulala kwenye matete, kama walivyojulikana kulala kwenye yale ya Mount Moreland karibu na Durban. Kwa ndege huyu, matete ni malazi huku na huko. Shoro wadogo wa matete walifuata mwezi uliofuata. Baadhi yao kabla ya kuvuka Sahara hula hadi uzito wao ukakaribia kuwa maradufu, jambo ambalo baadhi yetu tumejaribu kuliiga wakati wa mapumziko ya safari.

Tarehe 2 Februari tulikusanyika kwa mazungumzo ya jioni kukumbuka mkataba wa Ramsar wa kulinda ardhioevu, uliotiwa saini Iran mwaka 1971. Watu walikuja wachache. Chumba kilikuwa baridi na mzungumzaji, yaani mimi, alizidisha muda.

Suala la baiskeli za umeme kamati imelimaliza: zinaruhusiwa. Hazina kelele na zimewarudisha wenzetu wawili wenye magoti mabovu. Kupiga milio ya ndege kutoka kwenye simu ili wajitokeze hakuruhusiwi, na hapa sitaki mjadala. Dume anayesikia mpinzani asiyeonekana huacha kula na kulinda kiota ili amtafute. Vilevile picha za viota zisisambazwe zikiwa na alama ya mahali.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Kwa ufupi, hatudaiwi.

Namshukuru katibu, aliyebeba pampu, viraka na uvumilivu katika kila safari. Wanachama watatu wamejiondoa kwa sababu ya njia ya ndani, na nimewaandikia kila mmoja. Mmoja amejibu, kwa ukali, lakini amejibu, na amekubali kuja kusimama nami kwenye mierebi siku moja kabla hajaamua.

Kura kuhusu utaratibu itapigwa baada ya chai. Safari ya kwanza ni Jumamosi ijayo kunapopambazuka, kama upepo hautoki kaskazini. Tutaanza kwa kuukabili upepo ili utusukume wakati wa kurudi. Na safari hii mimi nitakaa nyuma.

Mwenyekiti