Hamisi, kura yangu sijaitupa

Kaka Hamisi, mambo vipi, shemeji hajambo, watoto je? Bi Mkubwa mfikishie shikamoo yangu ukiongea naye. Huku tupo tu, shifti hazipungui na mgongo ndo huo unaujua. Hongera kwanza kwa uraia wa Marekani, na pole kwa pasipoti ya nyumbani, najua inavyouma, uraia pacha tumeuimba mpaka sauti zimekauka.

Sasa nimesikiliza ile voisi yako mara mbili. We umecheka weee, halafu mwisho kabisa ndo unauliza la maana. Eti Zuhura kakwambia napigia kura chama cha wavuta bangi, yaani Libertarian, kile chama kidogo cha tatu kinachotaka serikali ndogo, na kwamba naitupa kura yangu. Mwambie Zuhura nimesikia, na mwambie pia ile hela yangu bado naikumbuka. Na we unauliza ujiandikishe chama gani. Bwana, Texas hawakuulizi chama ukijiandikisha, hata huku Georgia hawaulizi, unajiandikisha mpiga kura basi, chama kinakaa moyoni mwako.

Lakini hii ya kutupa kura inaniudhi, ngoja nikwambie. Texas haijamchagua Mdemokrati kwenye urais tangu Carter, 1976. Mwaka 2024 Trump kampita Harris hapo kwenu kwa kura zaidi ya milioni 1.5, wajumbe wote 40 wa Texas, wale wanaomchagua rais, wakaenda kwake. Kwa hiyo aliyempigia Harris hapo hajapata hata mjumbe mmoja wa kusingiziwa, na aliyemwongezea Trump kura moja juu ya hiyo milioni na nusu kaongeza nini? Hao wote hakuna anayewaambia wametupa kura. Naambiwa mimi tu.

Hapa Georgia nakubali kidogo kesi ni ngumu. 2020 Biden kashinda kwa kura 11,779, na Jo Jorgensen, mgombea wa Libertarian, alipata zaidi ya 62,000. Warepublican wamenuna mpaka leo, utadhani zile kura zilikuwa kabatini kwao tukaziiba. Kura ni ya mwenyewe bwana, anayeitaka aje aombe! Na ukweli wakiona huendi bure wanakuja. 2022 Chase Oliver, kijana wa hapa hapa Atlanta, kapata kama asilimia 2 ya kura za Seneti, Warnock wa Democrat na Walker wa Republican wote hawakufika nusu ikabidi warudi duru ya pili Desemba, basi simu haikulala, makaratasi kwenye boksi la posta mpaka hayafungiki, ghafla na sisi tumekuwa watu. 2024 Trump mwenyewe kaenda kwenye mkutano mkuu wa Libertarian kule Washington, wakamzomea, naye akawajibu basi endeleeni kupata asilimia 3 zenu kila miaka minne. Lakini si aliwaahidi atamtoa Ross Ulbricht jela, yule wa Silk Road, soko la mtandaoni la dawa za kulevya, aliyefungwa maisha? Na Januari 2025, siku ya pili tu ya kurudi madarakani, kamsamehe. Sasa niambie chama kisichohesabika kinaahidiwa nini na mgombea urais.

Ila hasira yangu haiko hapo, iko mlangoni. Unajua hapa Georgia kuna sheria ya 1943, ukitaka kugombea Baraza la Wawakilishi kwa chama kidogo lazima ukusanye saini za asilimia 5 ya wapiga kura waliojiandikisha kwenye jimbo lile? Tangu imetungwa hakuna hata mgombea mmoja wa chama cha tatu aliyefikisha. Hata mmoja! Watu wameenda mahakamani, wameshindwa. Halafu wanakuja kwenye tivii kusema Wamarekani hawataki chama cha tatu. Umefunga mlango kwa kufuli halafu unasema wageni hawaji.

Midahalo ya urais ndo usiseme. Ross Perot, tajiri aliyegombea bila chama, waliwahi kumruhusu, 1992, akapata karibu asilimia 19 ya kura. Baadaye ile tume ya midahalo, iliyoanzishwa na wakubwa wa vyama vyote viwili 1987, ikaweka sharti la asilimia 15 kwenye kura za maoni, na kura za maoni zenyewe nyingi hata jina lako haziulizi. Ule mdahalo wa CNN wa Juni 2024 ulifanyika hapa hapa Atlanta, Biden na Trump wawili tu, studio tupu, mmoja hawezi kumaliza sentensi, mwingine anamaliza za uongo. Wa tatu hamna. Gary Johnson, mgombea wetu wa 2016, alipata karibu kura milioni 4.5, lakini muulize mtu yeyote anakumbuka nini, atakwambia Aleppo, ule mji wa Syria alioulizwa kwenye tivii akawa haujui. Basi.

Na hizi tivii, Hamisi, mi nazisikia kuliko wewe. Pale kazini kwenye nyumba ya wazee nikisukuma kile kitoroli cha chakula, chumba cha kushoto babu kaweka Fox ya Warepublican, cha kulia bibi kaweka MSNBC ya Wademokrati, siku hizi wanaiita MS NOW, sauti juu maana wote masikio yamechoka, nikifika katikati ya korido nasikia nchi mbili zinagombana. Fox walilipa Dominion, kampuni ya mashine za kura, dola milioni 787.5 kwa ule uongo kwamba mashine zake ziliiba uchaguzi wa 2020, na babu hajasikia habari hiyo. Kwa bibi nako Biden alikuwa mzima wa afya mpaka usiku ule wa mdahalo. Ni Simba na Yanga tu, ukisema hushabikii yeyote wanakuuliza we mgonjwa? Mi sitaki serikali iwafungie wala iwape hela. Wadanganye, washtakiwe, walipe, na mtu azime tivii mwenyewe.

Najua utaniuliza, maana we mchokozi, kwamba hao wazee wengi wanalipiwa na Medicaid, bima ya serikali ya watu wa kipato kidogo, na mshahara wangu unatoka humo humo, sasa nataka serikali ndogo ya nini. Hilo bado nalitafuna. Lakini deni la taifa limepita dola trilioni 36 na vyama vyote viwili wamelikopa kwa zamu, huyu akiingia anazidisha, yule akiingia... we acha tu.

Ungekuwa Nevada ingekuwa raha, kule karatasi ya kura ina mstari wa kuwakataa wagombea wote. Februari 2024 huo mstari ulimshinda Nikki Haley kwenye kura za awali za Republican. Alishindwa na hakuna mtu! Nilicheka siku nzima.

Sikwambii umpigie nani. Nakwambia tu usikubali Zuhura akutishe. Je fomu umejaza? Maana Texas hawana kujiandikisha mtandaoni, unaijaza kwa mkono unatia posta, na mwisho ni siku 30 kabla ya uchaguzi. Mko kaunti ya Harris bado au mmehamia kule kwa Shaibu? Na shemeji yeye anaapa uraia lini, au ndo kaghairi? Kweli mnakuja Julai, niombe likizo mapema? Halafu ile video ya mdahalo uliyosema utanitumia iko wapi?

Zuhura mkumbushe.

Ndugu yako,
Mudi