Kwa Tumaini, Makambako

Mbeya, Jumapili jioni

Ndugu yangu Tumaini,

Salaam nyingi. Huku wazima, ila baridi imetukamata vibaya. Tangu Pasaka uko kimya na simu haipatikani, ndiyo maana nampa shemeji barua hii akupitishie.

Nahitaji mkono wako wa fundi. Ule mchezo wa kurusha visahani vya plastiki niliokugusia sasa una uwanja. Mzee ametupa ruhusa kwenye shamba lake la mipaina, njia ya Chunya. Tumepata vituo sita bila kukata hata mti mmoja. Unarusha kisahani, unafuata kilipoangukia, unarusha tena mpaka ugonge shabaha ya kituo. Mwenye mirusho michache ndiye mshindi. Kituo cha nne ndicho raha yangu: unapitisha kisahani katikati ya mipaina miwili, kinaelea juu ya korongo, na ukidhani kimenyooka, kinalala kushoto. Huku juu hewa ni nyepesi, hakina cha kuegemea, kinapinda mapema.

Tatizo ni shabaha. Tunalenga mashina, basi ni ugomvi mtupu. Jana Baba Neema na Fredi wamebishana kama kisahani kimegusa au kimepita. Fredi akaonyesha mkwaruzo unaotoka utomvu, mwenzake akasema huo ni wa juzi. Wameondoka hawasemeshani! Halafu miti yenyewe inachubuka, na Mzee akiona hivyo atatufukuza, nami sitamlaumu.

Kumbe hata Marekani walianza hivyohivyo. Uwanja wa Oak Grove kule California, mwaka 1975, walilenga nguzo, wakabishana imegonga au haijagonga. Ed Headrick, aliyeubuni uwanja huo, akaunda kikapu cha chuma chenye minyororo inayoning'inia kuzunguka nguzo, akapewa hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1977. Kisahani kikigonga minyororo kinaishiwa nguvu, kinadondoka kikapuni. Nani tena atabisha?

Sasa fundi, naomba vikapu kama hivyo. Anza na viwili tu, cha kituo cha nne na cha mwisho. Bomba la kusimamia, kikapu cha nondo nyembamba kifike kiunoni, juu yake ringi ya kufungia minyororo. Isiwe mizito wala isikazwe, maana ikikaza kisahani kinarudi nje. Fredi anasema minyororo chakavu ya bodaboda inatosha. Mimi naona ni mizito, ila wewe ndiye unayejua chuma. Hela tumechanga, haijafika mbali, lakini hatutaki bure.

Mama anaendeleaje na miguu? Ile mashine ya kuchomelea umeikomboa? Bei ya nondo huko ikoje, na je, mabasi ya kuja Uyole yatakubali kubeba mabomba hayo? Na utakuja lini mwenyewe, uvisimike kwa mkono wako, ubaki tucheze mpaka jioni? Nijibu kupitia kwa shemeji, anarudi Alhamisi.

Wako,
Lusekelo