Barua kwa Mwanangu: Ukuta Unaomfichua Kuvu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, na swali lako sikutaka kulijibu kwa simu: ikiwa hewa imejaa mbegu za kuvu, mbona hatuugui sote?

Ukumbuke ule mkate uliosahaulika kabatini, ulivyotimua vumbi la kijani ulipouinua. Vumbi lile lilikuwa spora, yaani mbegu za kuvu, na zile za kuvu aitwaye Aspergillus, zenye upana wa mikromita 2 hadi 3 tu, hupenya hadi kwenye vifuko vya hewa vya mapafu. Kila siku tunazivuta kwa mamia. Spora iliyolala imevikwa gamba la protini lisiloishtua kinga. Ikianza kuvimba ili iote, gamba hilo huachia na ukuta wake huwa wazi, nao umejengwa kwa beta-glukani, mnyororo wa sukari ambao mwili wa binadamu hautengenezi kabisa. Seli za mapafu ziitwazo makrofaji huitambua sukari hiyo kwa kipokezi cha dektini-1, ambacho kazi yake ilijulikana mwaka 2001. Basi huimeza spora, na papo hapo hutoa ishara za kuwaita nyutrofili, seli nyeupe za kinga, kutoka kwenye damu.

Spora ikishawahi kuota uzi, haimezeki tena. Nyutrofili huuzingira uzi huo, huumwagia kemikali kali zitokanazo na oksijeni, na wakati mwingine hutema DNA yake yenyewe ikawa kama wavu. Watoto wanaozaliwa bila uwezo wa kutengeneza kemikali hizo huandamwa mno na Aspergillus, na kwangu mimi hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo.

Kinga hii ni ya kale. Mwaka 1996, huko Strasbourg, Ufaransa, kundi la Jules Hoffmann lilionyesha kwamba nzi wa matunda waliokosa jeni ya Toll, inayoamsha kinga yao dhidi ya kuvu, waliuawa na kuvu huyohuyo, miili yao ikaota nyuzi, ilhali nzi hawana kingamwili hata moja. Hoffmann alikuwa miongoni mwa waliopewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2011.

Lakini wapo kuvu wanaojua kujificha. Katika miaka yangu ya maabara nimechanganya mara nyingi tone la maji ya uti wa mgongo na wino wa India, nikaona kwenye darubini vidude vya mviringo, kila kimoja kikiwa na duara jeupe katikati ya weusi. Huyo ni Cryptococcus, na duara lile ni kapsuli ya sukari inayoufunika ukuta ili dektini-1 isiuguse. Hata akimezwa, aweza kuzaliana ndani ya makrofaji, mpaka seli za kinga ziitwazo CD4 ziiamrishe imuue. Na seli hizo ndizo VVU huzimaliza. Kwa hiyo sampuli nyingi nilizoziona hivyo zilitoka kwa wagonjwa wenye UKIMWI.

Ukija likizo nitakuchorea duara lile kama nilivyoliona.

Mama yako