Mtani wa msibani huja na jembe

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua nimjibu mwandishi wa makala ya burudani ya Jumamosi iliyopita. Aliandika kwamba filamu za mashujaa, hawa ambao vijana wanawaita masupahiro, zimeharibiwa na vichekesho, na kwamba dawa yake ni kurudi kwenye giza na ukali wa Batman wa Christopher Nolan. Ugonjwa ameuona, hilo nakubali. Ila dawa aliyoandika siyo yenyewe.

Mimi ni muuguzi mstaafu, naishi Ngamiani, Tanga. Sehemu kubwa ya utumishi wangu niliimaliza kwenye wodi za wagonjwa wa muda mrefu: kisukari, figo, saratani. Filamu hizi natazama na wajukuu zangu wakija nazo kwenye flashi, mara nyingine zimetafsiriwa na madijei, mara nyingine zikiwa zenyewe. Nazipenda sana, na ninapoona mtu anataka kuzinyang'anya kicheko, siwezi kukaa kimya.

Tuanze na huyo huyo Nolan. Katika The Dark Knight, filamu yake ya Batman ya mwaka 2008, Joker, adui wa Batman, anatoka hospitalini akiwa amevaa gauni jeupe la muuguzi na wigi kichwani. Nyuma yake majengo yanalipuka. Mara milipuko inakatika. Anasimama, anageuka, anaminyaminya ile rimoti kwa kukereka, na ghafla jengo lote linashuka kwa kishindo na mwenyewe anashtuka. Nilicheka. Gauni kama lile nilivaa miaka yote ya kazi, na bado nilicheka, na kicheko hakijaisha mdomoni nikaona hospitali haipo tena. Heath Ledger alipewa Oscar mwaka 2009, akiwa ameshafariki, kwa kuigiza adui anayechekesha kiasi hicho. Kwa hiyo hata hiyo filamu tunayoambiwa tuirudie kwa sababu ya ukali wake, kicheko kimo ndani na kinafanya kazi kubwa. Anayetuogopesha zaidi ndiye anayetuchekesha zaidi.

Sasa niseme kuhusu wodi, maana ndiko nilikojifunza haya. Watu wengi wanadhani wodi ya saratani ni mahali pa kunong'ona. Siyo. Kulikuwa na mzee aliyekatwa mguu kwa sababu ya kisukari, akawa anamwambia mkewe kwamba sasa atanunua kiatu kimoja tu, pesa ya kile kingine mama anunue kitenge. Mwingine alinyonyoka nywele kwa kemo, zile dawa kali za saratani, akasema anamwonea huruma kinyozi wake, atafilisika. Wodi nzima ilikuwa inacheka, hata waliokuwa kwenye dripu. Lakini daktari mmoja kijana, mgeni, alipojaribu kumtania yule mzee kuhusu kile kiatu, wodi ilinyamaza. Utani ulikuwa wa mzee, kwa sababu mguu ulikuwa wake. Kijana yule hakuwa mtu mbaya. Hakuwa ameulipia tu.

Ndiyo sababu Thor: Love and Thunder ya mwaka 2022 iliniuma kuliko filamu yoyote ya aina hii. Mwandishi wako aliitaja kwa mstari mmoja akaipita. Mimi naomba nikae nayo kidogo.

Jane Foster, mwanasayansi, ana saratani hatua ya nne. Nyundo ya Thor, mungu wa radi aliyewahi kuwa mpenzi wake, inampa nguvu za kishujaa, lakini kila anapoitumia inamwondolea mwilini ule uwezo wa kupambana na ugonjwa. Hebu fikiria kisa hicho! Kitu kinachomsimamisha ndicho kinachommaliza. Nimewajua wagonjwa walioishi hivyo, waliochagua wiki chache za kusimama wima wakijua bei yake. Na filamu inaanza kwa kumheshimu: Jane yuko kwenye kiti cha kemo, anamweleza mgonjwa mwenzake mambo ya anga, anachana ukurasa kwenye kitabu cha yule bwana ili amwonyeshe. Inachekesha, na ni kweli tupu. Mwanamke huyo nimemhudumia mimi mwenyewe, kwa majina tofauti.

Kisha filamu inamkimbia. Inakuja mbuzi wawili wanaopiga mayowe, tena na tena. Inakuja shoka la Thor linaloona wivu kwa sababu nyundo ya zamani imerudi. Watoto wa New Asgard, mji wa watu wa Thor, wametekwa, wako kwenye kizimba gizani, na Thor na wenzake wanapokwenda kwa Zeus, mkuu wa miungu, kuomba jeshi la kuwaokoa, tunapewa Thor akivuliwa nguo zote mbele ya ukumbi huku miungu wa kike wakizimia. Wajukuu zangu walicheka, na mimi siwalaumu. Lakini mdogo wao, kicheko kilipopoa, aliuliza: "Bibi, na wale watoto?" Filamu yenyewe ilikuwa imewasahau.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba filamu hiyo ilikuwa imeshajionya mwenyewe tangu dakika zake za mwanzo. Gorr, anayeigizwa na Christian Bale, anampoteza binti yake jangwani kwa kiu na njaa. Anafika mbele ya mungu wake aliyekuwa akimwomba siku zote, na mungu yule anamcheka. Kicheko hicho ndicho kinachomgeuza Gorr kuwa muuaji wa miungu. Yaani waandishi walijua kabisa kucheka mbele ya mtu aliyefiwa ni kosa linaloweza kuzaa nini. Wakaligeuza kuwa chanzo cha kisa chote, halafu wakalirudia wenyewe juu ya Jane.

Mwongozaji wa filamu hiyo, Taika Waititi, ni mtu mwenye kipaji kikubwa. Thor: Ragnarok ya mwaka 2017 ilimfufua shujaa ambaye watu walikuwa wameanza kumchoka, na ilifanya hivyo kwa utani. Lakini hata mle, Asgard, nchi ya Thor, inapoteketea, taifa zima likiwa kwenye chombo likitazama nchi yao inavyokwisha, Korg, rafiki wa Thor ambaye sauti yake ni ya Waititi mwenyewe, anasema maadamu misingi imebaki wanaweza kujenga upya. Misingi inalipuka. Anaomba radhi. Hapo palikuwa mahali pa kilio cha wakimbizi, na hatukupewa hata pumzi moja ya kulia.

Sisi tunaoishi huku tuna kipimo cha mambo haya, na sijui kwa nini waandishi wetu wa filamu hawakitumii. Ni utani wa msibani. Mpare akifiwa, Mchaga anakuja kumtania pale pale penye matanga: anamwigiza marehemu anavyotembea, anadai deni ambalo halipo, anazuia jeneza lisipite mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanatoka. Lakini tangu zamani mtani huyo huyo ndiye anayetegemewa kwenye kazi ngumu za mazishi, kuchimba kaburi ikiwa mojawapo. Anakuja na mdomo, na anakuja na jembe. Na ukifika wakati wa dua au sala, ananyamaza bila kuambiwa. Filamu ikitaka kunichekesha kwenye msiba iwe na jembe pia: inionyeshe kwamba imekuja kuzika.

Filamu iliyokuja na jembe ni Logan ya mwaka 2017, iliyoongozwa na James Mangold. Nashangaa mwandishi wako aliiweka kwenye orodha ya filamu "zisizo na utani hata chembe." Sijui alitazama ipi. Profesa Charles Xavier, yule aliyekuwa na ubongo wenye nguvu kuliko wote duniani, sasa amezeeka na ubongo huo huo ndio unaoumwa. Akipata kifafa, watu waliomzunguka wanaganda na wanaweza kufa. Logan, shujaa mwenye makucha aliyejulikana kama Wolverine, anaendesha gari la kukodi ili apate pesa za dawa zake. Anambeba, anamfuatilia ameze vidonge, na wanatukanana kutwa. Mtu yeyote aliyewahi kumuuguza baba au mama mwenye ugonjwa wa usahaulifu anayajua matusi hayo na anajua yamejaa upendo kiasi gani. Nilicheka sana nikitazama filamu hiyo, kwa sauti.

Halafu kuna kile chakula cha usiku kwenye nyumba ya familia ya shambani iliyowakaribisha. Charles anasema aliwahi kuendesha shule, Logan anasema alifukuzwa shule hiyo zaidi ya mara moja, na Charles anamjibu kwamba natamani ningeweza kusema ulikuwa mwanafunzi mzuri. Meza nzima inacheka. Laura, binti asiyesema neno wanayesafiri naye, anawatazama watu wanavyoishi kama watu. Usiku huo huo Charles anauawa kitandani. Hakuna aliyetania pale. Logan anamzika, anajaribu kusema neno na neno linakataa kutoka, kisha anaishia kulipiga gari kwa koleo. Ule mzaha wa mezani ndio uliotufanya tujue ni nini hasa kimepotea. Ukiufuta, Charles anabaki kuwa mzee tu aliyekufa kwenye sinema. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania Oscar ya uandishi, na kwa maoni yangu meza ile ilitosha kuipa.

Ukitazama vizuri utaona kitu kile kile kwenye Guardians of the Galaxy ya tatu, ya James Gunn, mwaka 2023. Wanyama waliokatwakatwa na kuungwa vyuma wako kizimbani, wanapeana majina. Mmoja anajiita Floor kwa sababu amelala sakafuni. Unacheka, na tangu hapo ni wako, umeshampokea. Yatakayowapata baadaye yanakukuta mlango wa moyo ukiwa wazi, na wao ndio walioufungua.

Utani unaweza kuja hata baada ya kifo, ukiwa na mwenyewe. Katika Avengers: Endgame ya mwaka 2019, baada ya mazishi ya Tony Stark, yaani Iron Man, binti yake mdogo anaulizwa ana njaa ya nini. Anasema baga ya jibini. Happy, rafiki wa baba yake, anamwambia baba yake alikuwa anazipenda. Waliotazama Iron Man ya mwaka 2008 wanakumbuka Tony alipotoka utekwani kitu alichotaka ni baga hiyo. Ni utani mdogo mno, haukai hata dakika, na ulinitoa machozi kuliko mazishi yenyewe. Dijei aliyetafsiri nakala tuliyotazama sisi alikuwa amepiga porojo tangu mwanzo wa filamu, lakini steringi alipokata roho alinyamaza, na kwenye baga akatafsiri maneno matupu bila kuongeza lake. Sijui kama madijei wanasifiwa kwa hilo. Mimi namsifu.

Kwa upande wa pili wa hoja ya mwandishi wako nitakuwa mfupi. Ni kweli Batman & Robin ya mwaka 1997 ilikuwa aibu, na nadhani sababu ni ile ile: Mr. Freeze ana mke mgonjwa aliyemgandisha kwenye barafu mpaka tiba ipatikane, Alfred naye anaumwa, na badala ya kukaa na watu hao tunapigiwa mizaha ya baridi filamu nzima. Wakatuziba mdomo kwa mizaha, Batman akakaa miaka 8 bila kurudi kwenye sinema. Lakini Batman v Superman ya mwaka 2016 ilijaribu ukali ule anaoutaka yeye, na kilichotokea ni kwamba watu walicheka wenyewe pale ambapo filamu ilitaka walie, Batman alipoacha kumuua Superman kwa kusikia jina la Martha, ambalo ni jina la mama yake pia. Watazamaji usipowapa pa kuchekea watajitafutia.

Filamu zetu za Bongo nazo zina mlinzi wa getini anayechekesha katikati ya habari ya mtoto aliyeibwa. Simkatai mlinzi huyo. Mzee Majuto, mtu wetu wa Tanga aliyetutoka Agosti 2018, aliigiza watu wa namna hiyo, na alichekesha kwa sababu mtu aliyemwigiza alikuwa na shida yake ya kweli, akiihangaikia kwa dhati bila hata tabasamu. Tatizo ni mlinzi anayeletwa kwa sababu tu mwongozaji anaogopa tutalia na kuzima runinga. Woga huo huo ndio niliouona kwenye mbuzi wa Thor, pamoja na mamilioni yote ya dola.

Mwandishi wako ameahidi sehemu ya pili Jumamosi ijayo. Kabla hajaiandika namwomba aitafute tena Logan, atazame meza ile ya chakula mpaka alfajiri yake, kisha aeleze wasomaji ni mzaha upi hapo angeufuta.

Muuguzi mstaafu,
Ngamiani, Tanga